Kutoka Shibiri Hadi Ngwe

Mtu anayejenga nyumba Tanga leo hutumia vipimo vya namna tatu kabla hajafika kwenye lenta, wala hashangai. Kiwanja amekinunua kwa hatua, 20 kwa 20. Mbao anaagiza mbili kwa nne, na kila aliyeko kwenye duka la mbao anajua kwamba hizo mbili na hizo nne ni inchi, ingawa urefu wa ubao utatajwa kwa futi. Nondo anazitaka za milimita 12. Tofali ni la "nchi" 6 au la "nchi" 5, kwa matamshi ambayo yameshika kiasi kwamba hata runinga ya ukutani huitwa ya nchi 32. Futi nayo, mikononi mwa fundi, si kipimo peke yake bali ni ile tepu ya chuma anayoichomoa mfukoni, na mara nyingi anachosoma kwenye futi hiyo ni sentimita.

Nimelelewa katika nyumba ya seremala, na maneno haya niliyasikia kabla sijajua kuandika. Baadaye, shuleni na kazini, nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba Waswahili hatuna vipimo, kwamba "hapo tu" yetu inaweza kuwa nusu siku, na kwamba "sasa hivi" yetu haina mwisho. Sikubaliani na maneno hayo. Semi zetu za kila siku za urefu, umbali na muda zina hesabu yake, ila hesabu hiyo ina mwenyewe: ni lazima ujue unazungumzia mkono wa nani, hatua ya nani na jua la wapi. Anayejua hayo hapotei. Hasara huja pale jina la kipimo kimoja linapobandikwa juu ya kipimo kingine, watu wakaendelea kulitamka kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Tuanze na mwili, kwa kuwa ndiko kipimo kilikoanzia. Wanda ni upana wa kidole kimoja. Shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Ukiishia kwenye kidole cha shahada inakuwa futuri. Mkono, au dhiraa, huanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na hiyo ndiyo dhiraa kamili. Ukikunja ngumi na kuishia kwenye vifundo vya vidole inaitwa dhiraa konde, na mnunuzi wa nguo aliyewahi kupunjwa anaijua vizuri tofauti ya hizo mbili. Pima ni mikono yote miwili iliyonyooshwa kulia na kushoto, ncha kwa ncha.

Bibi yangu mzaa mama aliuza vitambaa Pangani, na hakuwa na rula dukani. Alishika ncha ya kitambaa kati ya vidole viwili, akakilaza juu ya mkono wake hadi kwenye kiwiko, akabana hapo kwa mkono wa pili, kisha akakikunja kurudi kilikotoka. Mkunjo mmoja ulimpa mikono miwili, ambayo ni wari moja. Alipokunja tena alipata pima, na alipokunja mara nyingine alipata doti. Ndivyo vipimo vyetu vya nguo vinavyopangana: shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima, pima mbili ni doti, kila kimoja maradufu ya kilichotangulia. Nadhani mpangilio huo umetokana na kitambaa chenyewe, kwa sababu kitu ambacho nguo inakubali kwa urahisi kuliko vyote ni kukunjwa katikati. Mfanyabiashara asiyejua kusoma aliweza kugawa jora zima bila kukosea hata mkono mmoja, na mnunuzi aliyesimama mbele yake aliiona kila hatua ya hesabu.

Hesabu hiyo haikuishia madukani. Katika karne ya 19, hasa baada ya Sayyid Said kutiliana saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, kitambaa cheupe kisichotiwa rangi kutoka Massachusetts kilienea pwani yote kwa jina la merikani, na kikawa fedha ya safari za bara. Hongo aliyotozwa mwenye msafara kila alipoingia katika nchi ya mtawala mwingine ilitajwa kwa mikono, kwa doti na kwa majora. Mahali ambapo mkono ni fedha, urefu wa mkono wa mpimaji si jambo dogo, na mabishano ya kambini juu ya nani apime yalikuwa mabishano ya bei.

Leo neno doti lipo vile vile, lakini nguo imepungua. Kwa hesabu ya zamani upande mmoja wa doti ulikuwa pima nzima, yaani karibu sentimita 183, na upande wa kanga unaouzwa sasa mara nyingi huishia kama mita moja na nusu. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa doti ya leo maana yake ni pande mbili zilizoshikana, basi. Hapa kubadilika kwa kipimo hakukumwumiza mtu, maana mnunuzi anaikunjua kanga mbele ya macho yake na kuiona jinsi ilivyo.

Pima iliendelea kuishi baharini. Nahodha aliyekaribia mwamba alitupa bildi, ile kamba yenye uzito wa kupimia kina, na kuomba aambiwe pima ngapi, na mvuvi wa mshipi bado anaweza kukueleza kina cha mahali alipopata changu kwa idadi ya mara alizonyoosha mikono akivuta kamba. Kina hicho kinatajwa kwa mwili wa mvuvi mwenyewe, naye ndiye atakayerudi hapo kesho, kwa hiyo hahitaji zaidi.

Kuna urefu mwingine ambao haukutoka mwilini bali kwenye mti, na mimi naupenda kuliko yote. Aliyewahi kuingia katika nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Zanzibar anajua kwamba vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kama ukumbi mdogo wa kupita. Sababu yake ni boriti. Dari nzito ya mawe na chokaa hulazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi inayozidi urefu na nguvu zake, kwa hiyo upana wa chumba huwa karibu mita mbili na nusu hadi tatu. Mwashi alikuwa huru kuongeza urefu wa chumba kadiri mwenye nyumba alivyotaka, lakini upana ulikwisha kuamuliwa na mkoko. Boriti hizo ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, zikapakiwa majahazini kwenda Oman na bandari nyingine za Ghuba, na vyumba vya huko navyo vikawa vyembamba kwa kipimo hicho hicho cha mti uliokatwa katika mikono ya bahari ya Lamu na Rufiji.

Sasa ardhi, ambako jambo hili linauma.

Mama mdogo wangu alinunua shamba wilayani Muheza, eka moja, na mimi nilikuwa mmoja wa mashahidi. Mwenye shamba alikuwa mzee wa makamo ya bibi yangu, mtu mwenye heshima kijijini, na kwa desturi yeye ndiye aliyepewa kutembea. Mwenyekiti wa kitongoji alihesabu kwa sauti, sisi tukafuata nyuma. Upande wa kwanza ulikuwa tambarare, mzee akaenda vizuri hadi hatua ya 70, tukachomeka kijiti. Upande wa pili ulipanda kilima, na mtu wa umri wake akipanda kilima hupunguza hatua bila kujua. Akafika 70 akihema, tukachomeka kijiti cha pili, na kwenye pembe tukapanda minyaa iwe mpaka. Hati ya mauziano ikaandikwa "eka moja, hatua 70 kwa 70", wote tukatia saini.

Baadaye mama mdogo alipotaka kupata hati rasmi, mpimaji alikuja na vyombo vyake. Shamba lilikuwa mita 58 kwa 61, yaani mita za mraba 3,538, wakati eka ni mita za mraba 4,047. Zilipungua 509. Hakuna aliyedanganya. Mzee alitembea hatua 70 kila upande kama ilivyoandikwa, na mwenyekiti alihesabu kwa uaminifu. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba hatua iliyoandikwa kwenye hati ni hatua ya mzee huyu, kwenye kilima hiki.

Nilikaa na hesabu ile mpaka nikaelewa 70 kwa 70 imetoka wapi. Eka ni yadi za mraba 4,840. Ukizidisha 70 kwa 70 unapata 4,900, karibu sana na eka kamili. Kwa hiyo hatua iliyokusudiwa na aliyeleta kanuni hii vijijini ni hatua ya wari moja, yaani yadi moja, sentimita 91 na ushee, ambayo ni hatua ndefu ya kijana mwenye nguvu anayetembea mahali tambarare. Mtu mwenye hatua ya sentimita 80 akitembea 70 kwa 70 hupata mita za mraba 3,136, na ameshapoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya eka.

Kosa la upande wa pili ni baya vile vile, na limeenea kwa sababu linaonekana la kisasa. Wengi wameacha neno hatua na kusema "mita 70 kwa 70", wakidhani wamesahihisha. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, yaani 853 zaidi ya eka. Mkulima aliyepima hivyo akaambiwa atie mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50 kwa kila eka, ameitawanya mbolea ya eka moja juu ya eka moja na sehemu ya tano, na mavuno yakipungua atalaumu mbegu. Ongeza hapo neno "heka", ambalo kwa wakulima wengi wa Tanzania ni eka, lakini kwa sikio la mtu wa mjini linafanana na hekta, na hekta moja ni karibu eka mbili na nusu. Hati inayosema "heka 2" bila maelezo ni ugomvi unaosubiri warithi. Majirani zetu wa Kenya wana ploti ya hamsini kwa mia, ambayo ni futi, na huiita sehemu ya nane ya eka. Kwa kweli ni futi za mraba 5,000, wakati sehemu ya nane kamili ni 5,445. Hapo angalau kipimo kimetajwa waziwazi, na mnunuzi anayejua kuzidisha anaweza kujilinda.

Eka yenyewe haikuanza kama hesabu ya mraba. Huko Uingereza ilikuwa ardhi ambayo jozi ya ng'ombe iliweza kulima kwa siku moja: ukanda wenye urefu wa yadi 220, ambao ni mfuo mmoja kabla ya kugeuza ng'ombe, na upana wa yadi 22. Kabla haijawa namba, eka ilikuwa siku ya kazi. Nilipolijua hilo niliikumbuka ngwe.

Ugwe ni kamba, na wingi wake ni ngwe. Shamba la watu wengi lilipogawanywa kwa kamba, kila mlimaji alipimiwa kipande chake, na kipande hicho kikabeba jina la kamba iliyokipima. Mtu akasema amemaliza ngwe yake, akimaanisha kwamba amelima sehemu aliyopewa na sasa ana haki ya kuweka jembe begani na kwenda nyumbani. Kutoka hapo neno likavuka kutoka ardhi hadi muda. Leo magazeti huandika kwamba rais ameanza ngwe ya pili, na mtangazaji wa mpira redioni hutuambia kwamba timu zimeingia ngwe ya lala salama, ikiwa zimebaki dakika chache filimbi ya mwisho ipulizwe. Kamba imekuwa shamba, shamba likawa kazi, kazi ikawa muda. Sijui neno jingine la Kiswahili linaloonyesha vizuri zaidi jinsi urefu, umbali na muda vinavyopimana vyenyewe kwa vyenyewe katika lugha yetu, na nasikitika kila ninaposikia vijana wakilitumia kana kwamba lilizaliwa uwanjani.

Umbali ndio unaosingiziwa kuliko vyote. Msafiri anafika kijijini, anamkuta mzee kando ya njia.

"Shikamoo mzee. Kwa mwenyekiti ni mbali?"

"Marahaba mwanangu. Si mbali, ni kuleee, ukishavuka mto."

Msafiri akiisha kutembea saa nzima anasema amedanganywa. Lakini mzee alimwambia kila kitu. Alisema kule, wala hakusema hapo au pale, na hiyo ilitosha kumjulisha kwamba mahali penyewe hapaonekani kutoka walipo. Irabu aliivuta, na mwenye kujua lugha anasikia kwamba "kulee" fupi na "kuleeee" iliyoambatana na kidevu kuinuliwa si umbali mmoja. Akaongeza alama ya njiani, ambayo ni mto. Na aliposema si mbali alikuwa akijibu kwa miguu yake, ambayo huenda mtoni na kurudi kila siku. Mwenyeji mwangalifu zaidi angeuliza kwanza, "Unakwenda kwa miguu au kwa bodaboda?", na swali hilo si la kupoteza muda: bila jibu lake umbali hauwezi kutajwa.

Mjini miguu imeachia nafasi gari. Mkazi wa Dar es Salaam hakuambii kilomita kutoka Gongo la Mboto hadi Tegeta, na pengine hajawahi kuzijua. Atakuambia ni magari mawili, na kwamba ukitoka baada ya saa 12 asubuhi ujiandae kwa foleni. Vituo, nauli na idadi ya magari unayopanda ndivyo vinavyompa mtu kile anachohitaji, yaani fedha ngapi aweke mfukoni na aamke saa ngapi. Kilomita haijibu lolote kati ya hayo mawili.

Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani za misafara. Njia kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilihesabiwa kwa siku na kwa kambi, na kambi zilipangwa na maji. Palipokuwa na masafa marefu yasiyo na kisima, wapagazi walitelekeza: walikula na kunywa asubuhi, wakaondoka mchana na maji waliyoweza kubeba, wakalala njiani pasipo na maji, na kufika kwenye kisima cha mbele kesho yake. Mpagazi aliyesikia kwamba mbele kuna kutelekeza alijua urefu wa njia, uzito wa kibuyu na saa ya kuondoka kwa neno moja. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 na kuliona Ziwa Tanganyika Februari 1858. Reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi ikawa ya siku. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda hadi Dodoma, na nimeanza kuwasikia watu wakisema Dodoma imekuwa karibu. Wanasema kweli, kwa sababu karibu na mbali katika Kiswahili hupimwa kwa kinachokupata njiani.

Hata sheria ya dini inakubaliana na jambo hili. Msafiri wa Kiislamu anaruhusiwa kupunguza sala safari yake ikifika marhala mbili, na marhala ni mwendo wa siku moja wa ngamia mwenye mzigo. Wanazuoni waligeuza mwendo huo kuwa farsakhi 16, sawa na maili 48 za zamani, na masheikh wetu leo hutaja kilomita 80 na zaidi ili mtu aliye ndani ya basi ajue anasimama wapi. Hapo kila kipimo kimetafsiriwa kwa uangalifu kwenda kipimo kinachofuata, na kile cha mwanzo hakikufichwa. Laiti hati zetu za mashamba zingefanyiwa hivyo.

Muda nao una mwenyewe, naye ni jua. Saa 1 asubuhi ni saa moja tangu kuche, na saa 6 mchana jua liko utosini. Hesabu hii inawezekana kwetu kwa sababu tuko jirani na ikweta: Dar es Salaam tofauti kati ya macheo ya mapema kabisa na ya kuchelewa kabisa katika mwaka mzima haifiki saa moja. London, ambako mchana wa Juni hupita saa 16 na ule wa Desemba haufiki 8, mtu akihesabu tangu kuche angekuwa na saa ya kifungua kinywa inayotangatanga usiku na mchana. Waganda huhesabu kama sisi kwa Kiganda chao, na Waomani wenye asili ya Zanzibar wanaoishi Muscat bado utawasikia wakiahidiana kukutana saa 2 usiku, baada ya isha, ingawa saa ya huko iko mbele ya yetu kwa saa moja.

Kwa siku tuna majina ambayo nasikitika yanaachwa. Baada ya kesho kuna kesho kutwa, inayofuata ni mtondo, na inayofuata hiyo ni mtondogoo, kwa hiyo mtu angeweza kuahidi siku nne mbele bila kutaja tarehe wala jina la siku. Wakulima na mabaharia walikuwa na mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za nyongeza, na mwaka huo mpya bado husherehekewa Makunduchi kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Mwezi wa kuandama hauwezi kumwambia mkulima lini apande, kwa kuwa unarudi nyuma ya majira karibu siku 11 kila mwaka. Mwongo uliweza, na nahodha aliyesubiri kaskazi igeuke kuwa kusi alihesabu kwa miongo. Siku hizi muongo ni miaka kumi. Ni ngwe nyingine hiyo: namba imebaki, kilichohesabiwa kimebadilika.

Lakini mahali ambapo vipimo viwili vya muda vimegongana kwa nguvu ni usiku. Kwa hesabu ya zamani ya pwani siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kwa kalenda ya ofisini ni Alhamisi jioni. Bibi yangu alisoma Yasini usiku wa Ijumaa, na hakuna mtu nyumbani aliyehitaji kuuliza ni lini. Tarehe za ofisini ziliposhika, maneno yale yale yakawa na maana mbili, na watu wakaanza kufika kwenye shughuli iliyokwisha malizika jana yake.

Lugha ililitatua jambo hilo yenyewe. Wasemaji walichukua usiku wakaufunga kwenye asubuhi inayoufuata, wakasema usiku wa kuamkia. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, na ukisikia hivyo, uwe umelelewa kwa kalenda ya machweo au kwa ile ya saa 6 usiku, unaelewa usiku ule ule mmoja. Naona huu ndio usemi uliotengenezwa vizuri kuliko yote niliyotaja hapa, maana haukumlazimisha mtu yeyote kuacha hesabu yake.

Tiketi za mabasi bado hazijafika huko. Ipo iliyoandikwa "12:00" bila neno la asubuhi wala usiku, na abiria mmoja akasoma alfajiri, mwingine akasoma adhuhuri kama simu yake inavyoonyesha, na wote wawili wamelipa nauli. Gharama ya kuongeza neno moja kwenye tiketi ni wino tu. Mimi ninapopewa kazi ya kutengeneza kadi za maulidi au za harusi mtaani kwetu, huandika siku, tarehe, kisha "usiku wa kuamkia" na siku inayofuata, kisha saa ya Kiswahili pamoja na sala iliyo jirani nayo: saa 2 na nusu usiku, baada ya isha. Kadi inakuwa ndefu kidogo, na wachapaji hunilalamikia kuhusu nafasi.